Mafiga ya Mademoiselle Adèle

Mama mkwe wangu, mama Kahongya, alikuwa anakula kwa kila mtu isipokuwa kwa binti yake mkubwa, Adèle. Aliposhuka Butembo kutoka kwetu Beni, kwa daktari wa macho au kwa misa ya padiri mpya, alifikia kwa Adèle. Aliketi kwenye kiti kizuri, akasifu usafi, akanywa maji. Chakula kilipoanza kunukia, aliinuka, akafunga kitenge chake vizuri, akaenda kula na kulala kwa mpwa wake Zacharie kule Bulengera. Nyumba ya Zacharie inavuja, na mke wake anatia chumvi kwenye sombe, majani yale ya muhogo, bila huruma. Lakini mke wa Zacharie ana mafiga, na Adèle hakuwa nayo.

Nieleze, maana si kila mtu anajua mambo ya ukoo huu nilikoolewa. Kwetu msichana akiolewa, mama yake mzazi anamtafutia mawe matatu katika kijito cha nyumbani. Mawe hayo yanapelekwa kwa mume, na mama wa mume ndiye anayeyapanga jikoni, anawasha moto wa kwanza, na anapewa sahani ya kwanza. Tangu siku hiyo yule msichana ana jiko lake, hata baadaye akinunua jiko la gesi. Kabla ya siku hiyo, haijalishi ana miaka mingapi, anahesabiwa kuwa anapika kwa watu. Na mama hali kwa binti ambaye hajapangiwa mafiga, kwa sababu atasema amekula kwa nani?

Adèle amevuka miaka hamsini. Alikuwa anapika kwenye mbabula, jiko la makaa la kubebeka, na anapika vizuri kuliko sisi wote katika familia. Hilo nalisema bila wivu, au tuseme kwa wivu kidogo. Mimi ni wifi yake, Élodie, mama Jordy, mke wa kaka yake Kambere, na kazi ya wifi inajulikana ni kusema. Basi nitasema, kwa sababu nimechoka kusikia watu wakimtaja kwa sauti ile ya msibani, eti maskini Adèle. Maskini kwa kitu gani?

Alikuja Butembo akiwa msichana mdogo, masista wakamfundisha kushona. Leo ana atelier yake karibu na soko la Bulengera, anashona sare za shule, shati jeupe na sketi ya buluu. Kabla shule hazijafunguliwa, nusu ya watoto wa mtaa wanapita mbele ya kipimo chake. Anaacha upindo mpana kwenye kila sketi, ili mwaka ujao mzazi arudi tu kuuteremsha badala ya kununua nyingine. Mafundi wenzake wanamwambia anajinyima wateja. Yeye anacheka na kuendelea kuacha upindo. Ukipita barabarani asubuhi ukaona wasichana wa shule na mstari ule mweusi chini ya sketi, pale upindo ulipoteremshwa, ujue wale ni wa Adèle. Mimi nikiwaona najivuna, na wala si mimi niliyeshona.

Mji mzima unamwita Mademoiselle. Ana mvi, ana miwani, ana wasichana anaowafundisha kazi ambao nao wameshaolewa na wana watoto, lakini yeye bado ni Mademoiselle. Mimi niliitwa mama kabla sijajua kusonga fufu isiyo na madonge.

Msifikiri hakutafutwa. Alitafutwa na mfanyabiashara wa kahawa, akatafutwa na mwalimu. Mwisho akatafutwa na Valère, ambaye huyo hata mimi nilimtamani kuwa shemeji. Valère ni mtu wa Kasai, chef de bureau katika ofisi moja ya serikali. Alipangiwa kazi Butembo, mke wake akafia hapa, na yeye akabaki. Ni mtu wa misa, mpole, viatu vyake vinang'aa hata wakati wa matope. Aliomba kwa heshima, kupitia kwa padiri. Adèle akamshukuru na kukataa. Wakati huo nilipanda gari kutoka Beni makusudi kwenda kumuuliza ana akili gani.

Alikuwa anapiga pasi, hakuiweka chini. Akaniambia, "Mama Jordy, nilikuwa naombaka Mungu anipe bwana. Kila neuvaine, zile siku tisa za sala, kila pèlerinage, niko naomba. Kiisha siku moja niko natoka misa ya asubui, nikaona kama nilisahau kuomba. Nikajiuliza, depuis wakati gani? Sikukumbuka. Iliisha tu, vile homa inaishaka."

"Na Valère?" nikamuuliza. "Mutu muzuri vile?"

"Valère ni mutu muzuri sana. Mais miye sina njaa, Mama Jordy. Nikae ku meza juu ya nini? Juu batu baone niko nakula?"

Nilirudi Beni nimekasirika, kwa sababu nilikuwa nimejitayarisha kumfariji mtu, naye hakuhitaji. Aliniambia pia, maana Adèle si mwongo, kwamba zipo Jumapili ngumu. Sala ya shirika, ile jumuiya ya Wakristo wa mtaa wake, ikiisha, kila mtu anaondoka na wa kwake, na zamani yeye alikuwa anaharakisha kufika nyumbani afungue redio kabla ukimya haujamkuta. Sasa hivi haharakishi. Anapita polepole, anasalimia, na redio wakati mwingine inalala siku nzima bila kuguswa.

Kisha vita vya upande wa Manguredjipa vikaleta watu mjini, wengine na godoro kichwani, wengine na mikono mitupu. Shirika lake likagawana wageni. Kwa Adèle alifika Bénite, mwanamke kijana aliyempoteza mume njiani, na mtoto wa kike mgongoni. Alikuja kukaa mpaka njia itakapokuwa salama. Njia haijawa salama, na Bénite sasa anakalia mashine ya pili kwenye atelier, na mtoto anamwita Adèle koko, kama nyanya yake.

Kwa hiyo chumba cha kupanga kikawa kidogo, na Adèle akaanza kujenga. Alikuwa na kiwanja Vulamba, mlimani, mahali ambapo unaona mji wote ukiamka na moshi. Alijenga polepole, matofali ya kuchoma, mabati, madirisha ya vioo. Fundi wake, Ézéchias, kila wiki alikuwa anamuuliza mwenye nyumba atakuja lini kuamua habari ya paa. Kila wiki Adèle alimjibu kwamba mwenye nyumba ndiye huyo anayeongea naye. Ilichukua muda mrefu, lakini Ézéchias akazoea.

Siku Adèle alipopiga simu Beni nilikuwepo. Kambere aliweka haut-parleur, sote tukasikia, kwa sababu alikuwa anachambua maharagwe.

"Kambere, nyumba imeisha," Adèle alisema. "Abbé Ézéchiel atakuya kuibariki, samedi ya mbele ya Avent. Muje bote. Na umuambie Mama anitafutie mafiga."

Kambere akaacha maharagwe. "Mafiga?"

"Mafiga, ndiyo. Mafiga yangu."

"Sawa, Yaya," Kambere akajibu, kama anavyomwita dada yake mkubwa.

Akakata simu, akanitazama, akasema, "Yaya ameolewa."

Nilimwambia apige tena aulize. Akanitazama kama nimemwambia atukane mtu. Katika ukoo huu jina la mkwe haliulizwi kwenye simu. Linatajwa uso kwa uso, kasikisi, pombe ya ndizi, ikiwa mezani, na anayeuliza mapema anaonekana hasadiki. Msichana akiomba mafiga, maana yake ipo. Hakuna mwanamke aliyewahi kuomba mafiga bila mume, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba inawezekana.

Mama Kahongya alipoambiwa aliinuka mara moja. Alichukua fimbo yake na kuniita tushuke kijitoni. Mawe yalitakiwa yatoke kwenye kijito cha shamba letu, lakini kule hatukanyagi tena kwa sababu ya vita, watu waliobaki huko hawakurudi. Kwa hiyo tulikwenda kwenye kijito hiki cha nyuma ya mtaa, ambacho si chetu wala cha mtu. Aliingia majini na miguu yake mibovu, akawa anainua jiwe, analigonga kwa jiwe lingine, anasikiliza, anatupa. Jiwe lenye ufa linapasuka kwenye moto, na mlio wake haufanani na wa jiwe zima. Alichagua mpaka nikachoka kusimama. Alikuwa anaimba. Tangu tukimbie shamba sikuwa nimemsikia akiimba, na nilifurahi kwa ajili yake mpaka machozi yakanitoka.

Baada ya hapo mambo yalichukuliwa na songali. Songali ni shangazi, dada wa marehemu baba mkwe. Huyu wetu anaitwa Maliro, na akikamata jambo halimponyoki. Maliro akaagiza kasikisi. Akaagiza kuku. Akatununulisha vitenge vya rangi moja. Akapita mtaa mzima akitangaza kwamba Mungu hasahau, na kwamba wale waliokuwa wanacheka sasa wafunge midomo. Nilijua hakuna aliyekuwa anacheka kuliko yeye mwenyewe, lakini nilinyamaza, kitenge kilikuwa kizuri.

Jumamosi ile ya kabla ya Majilio tulikodi taxi-bus. Mawe yalikuwa ndani ya mfuko wa mchele, miguuni pa mama Kahongya. Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, mwanajeshi akatuamuru kushuka, akapekua, akafika kwenye mfuko.

"Oyo nini? Mabanga?" Alikuwa anauliza kwa Kilingala kama ni mawe. Akainua jiwe moja juani, akaligeuza. "Hii ni madini ya wapi?"

"Hapana madini, chef," Maliro akajibu, kifua mbele. "Ni mafiga. Binti yetu iko anaolewa Butembo."

"Ah, libala!" Uso wa mwanajeshi ukafunguka aliposikia ndoa. Akalirudisha jiwe taratibu, akafunga mfuko yeye mwenyewe. "Félicitations, bamama. Mupite."

Wenzake nao wakapunga mikono. Tuliimba kutoka pale mpaka Butembo, na kila mtu tuliyempita alijua kuna arusi.

Vulamba tulikuta turubai limefungwa uani, viti vya parokia vimepangwa, watu wa shirika wameanza kufika. Nyumba yenyewe ilikuwa imesimama pale na mabati yake mapya, na nilijiambia moyoni kwamba hiyo ni ya wifi yangu, mimi. Mlangoni alisimama Valère, koti, tai, viatu vinang'aa, anaonyesha watu pa kukaa.

Songali Maliro hakuhitaji zaidi ya hapo. Alimwendea akipiga vigelegele, akamtia kuku mikononi, akamshika mabega.

"Mukwe wetu! Kumbe ni weye! Karibu mu familia, Papa."

Sisi wote tukaitikia kwa wimbo. Kuku alikuwa anapiga mabawa kwenye tai ya Valère, naye alijaribu kusema kitu, tukamzidi sauti. Aliinua mkono mmoja ule uliokuwa huru, akangoja tuishiwe pumzi.

"Bamama," akasema kwa Kiswahili chake cha kujifunzia ukubwani, "miye niliomba. Zamani. Mademoiselle alikatala. Tunasali pamoja, nayeye ni ndugu yangu. Miye ni président ya shirika. Leo niko tu napanga viti."

Adèle akatokea nyuma ya nyumba, aproni kiunoni, mikono ina unga. Aliangalia vitenge vyetu vya rangi moja, kasikisi, kuku. Mwisho aliangalia mfuko wa mchele aliokuwa ameubeba Kambere begani.

"Yaya," Kambere akauliza kwa sauti ndogo, "bwana iko wapi?"

"Bwana gani?" Adèle akasema. "Niliomba mafiga. Miye hapana omba bwana."

Mimi nilicheka. Kicheko kilinitoka tu. Nikajiziba mdomo na kitenge, lakini Bénite pale mlangoni aliniona na yeye akageukia ukutani, mabega yanatikisika.

Songali Maliro hakucheka. Alianza kwa sauti ya chini akapanda. Kwamba ametuaibisha mbele ya Butembo na Beni na njia nzima. "Hata soldat ya barrière anajua! Alitupatia félicitations! Tukirudia pale tutamuambia nini?" Kwamba mafiga si vyombo vya sokoni, mtu anajinunulia. Yanapangwa na mama wa mume. "Mama mukwe iko wapi? Anionyeshe mama mukwe, nitakaa kimya. Hakuna. Donc mawe inarudi Beni."

Hapo ndipo Abbé Ézéchiel alipofika na pikipiki, stola mfukoni, akakuta familia nzima ya rangi moja inatazamana na Adèle. Maliro akamkimbilia kama kwa hakimu. Akamweleza yote, akamalizia kwa kumuuliza nyumba ya mwanamke asiye na bwana itabarikiwa kama nini.

"Itabarikiwa kama nyumba," Abbé alisema akivua kofia ya pikipiki. "Yangu ilibarikiwa, na haina bibi."

"Weye ni padiri, Abbé. Weye ni wito."

Adèle alikuwa anajifuta unga kwenye aproni, kidole kwa kidole. Hakupandisha sauti. Sijui kama mimi ningeweza.

"Songali, Abbé akikaa yeye peke yake, munasema ni wito. Miye nikikaa, munasema ni bahati mbaya. Nani alibaambia? Miye hamukuniuliza hata siku moja."

Maliro alianza kukaza kitenge chake ambacho hakikuwa kimelegea. Moyo wangu ulijaa. Nilitaka kupiga vigelegele, ila nilimwona mama Kahongya.

Alikuwa amemwambia Kambere ateremshe mfuko, na alikuwa ameukalia. Mwanamke mzee, kitenge kipya, juu ya mfuko wa mawe katikati ya uwanja. Nilikumbuka vile alivyoimba kijitoni, na sikuthubutu kumtazama usoni. Adèle alimwendea, akachuchumaa mbele yake.

"Mama, nilijua batu batafikiri vile. Unisamehe, nilipaswa kusema wazi. Mais sikupata namna ya kusema ku téléphone." Akageukia mlango. "Uangalie hii nyumba. Niko na kazi, niko na Bénite na mutoto yake, niko na shirika. Niko na Mungu, na usingizi nalalaka muzuri. Sikosi kitu. Nisikudanganye. Kitu moja tu njo nakosa. Haujakulaka kwangu, Mama. Hata siku moja. Njo maana niliomba mafiga."

Mama Kahongya alichora kitu kwenye vumbi na fimbo yake, akakifuta. Watu wa shirika walijifanya wanaangalia mji. Kisha akanyoosha mkono, Adèle akamwinua.

"Unionyeshe jiko," akasema.

Tulimfuata wote, hatukualikwa lakini tulimfuata. Alipita sebuleni bila kugusa kiti, akapita vyumba, akatoka mlango wa nyuma ambako kuna jiko la nje la matofali, limefunikwa na mabati, lina dirisha la moshi. Kila mahali palikuwa na simenti iliyolainishwa vizuri mpaka inateleza. Katikati tu palikuwa na duara la udongo mtupu, limeachwa. Mbabula ya makala ilikuwa imewekwa pembeni, na sufuria za sherehe zimepangwa ukutani.

"Na hapa?" mama akagusa udongo kwa fimbo. "Simenti iliisha?"

Ézéchias fundi alikuwepo, amevaa shati la Jumapili. Alijibu yeye. "Hapana, Mama. Yeye njo alikatala nisitie simenti hapa. Alisema nipaachie udongo."

"Alisema lini?"

"Mbele ya kuanza ukuta. Siku ya fondation."

Mama Kahongya akamgeukia binti yake. Nadhani alikuwa anahesabu ile miaka yote nyumba ilipokuwa inapanda, na huku chini kuna mahali panamngoja. Uso wake ulibadilika, sitasema zaidi ya hapo.

"Hapa banakula banani?" akauliza.

"Miye na Bénite na mutoto. Batu ya shirika, kila mercredi. Na bale banakimbiaka vita, banapitaka."

"Banapita bakiwa na njaa?"

"Ndiyo, Mama."

"Mama Jordy," akaniita bila kugeuka, "leta mfuko."

Nilikimbia. Nimezaa, ni mtu mzima, lakini nilikimbia na mawe yale mikononi kama nimepewa mtoto mchanga. Nilipofika, songali Maliro alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko.

"Kahongya," alisema, na safari hii aliongea taratibu, "ile kazi ni ya mama mukwe. Weye ulimuzaa. Haifanywake hivi."

Mama Kahongya alikuwa ameshaanza kupiga magoti, na kwa magoti yale kazi ilikuwa kubwa. Adèle alimshika upande mmoja, mimi upande mwingine. Alipofika chini alihema kwanza.

"Mama mukwe hakukuya, Maliro," akasema. "Nilimungojea ya kutosha."

Akaweka jiwe la kwanza. Akalikandamiza udongoni na kiganja. Akaweka la pili. La tatu alilisogeza huku, akalirudisha, akaomba sufuria, akaipima juu yake, ikayumba, akachimba kidogo kwa kucha, akapima tena mpaka ikatulia. Hakuna aliyemsaidia, kwa sababu hakuna aliyethubutu. Akaomba kuni, Bénite akaleta. Akaomba kiberiti. Kuni zilikuwa mbichi kidogo, moshi ukajaa jikoni, ukatupata sote machoni, na hilo lilitufaa, kwa sababu kila aliyekuwa analia alipata la kusingizia. Abbé Ézéchiel alibariki nyumba hivyo hivyo, anakohoa kwenye sala, ananyunyiza maji ya baraka kwenye moto ukapiga kelele. Valère alikuwa bado na kuku. Alikuwa amesahau kumweka chini.

Nataka watu wajue kwamba nilikuwepo. Nimeona arusi nyingi za familia hii, nyingine nilizipika mwenyewe, na bibi-arusi wengine niliwasindikiza nikijua mume ni mlevi na tunaimba tu. Sijawahi kumwona mwanamke amesimama mbele ya mafiga yake wima vile. Adèle hakuwa anangoja mtu aingie mlangoni. Wote aliowahitaji walikuwa ndani. Huyo ndiye wifi yangu, na anayetaka kumwita maskini aje aniambie mimi kwanza.

Alisonga fufu kwenye moto ule, mpya, ingawa ya wageni ilikuwa tayari. Akapasha samaki na mchuzi wa nyanya. Mama Kahongya alikuwa ameketishwa kwenye kigoda karibu na moto, kitenge kipya kimeshachafuka majivu magotini. Adèle akamnawisha mikono. Akamwekea sahani ya kwanza, akampa kwa mikono miwili, akabaki amepiga magoti pale.

Mama aliitazama ile sahani. Wote tulikuwa tunamtazama, hata mtoto wa Bénite. Akakata tonge, akalichovya, akala. Akatafuna polepole kama mtu anayetafuta kosa. Akakata lingine. Akala samaki, akanyonya miiba, akaisafisha sahani kwa tonge la mwisho, akainyoosha mbele.

"Uniongezee," akasema.

Songali Maliro, ambaye alikuwa ameketi nje na mgongo wake kwetu, akaingia, akavuta kigoda, akasema kama kuna mtu anafikiri sahani ya pili si ya songali, aseme sasa. Bénite akampakulia. Alikula yote, akakubali kwamba samaki amepikwa vizuri, na akaanza kupanga kwa sauti atakachomwambia yule mwanajeshi wa barrière tukirudi.

Kabla hatujamaliza, simu ya Kambere ililia. Alikuwa Zacharie, kutoka Bulengera. Mke wake ameshapika sombe, wanamngoja mama Kahongya kama kawaida, je, atumiwe pikipiki? Kambere akaweka mkono juu ya simu na kumtazama mama yake.

Mama Kahongya alikuwa na tonge mdomoni. Alilimaliza kwanza, akajifuta vidole.

"Umuambie bakule tu," akasema. "Umuambie nilikula kwa Adèle."